Ibara ya 26 Haiishii Kwenye Kutii

(Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kongamano la vijana wa chama, Morogoro, Jumamosi ya Oktoba 5, 2024. Wengi mliomba niyaandike, nami nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni. Salamu za itifaki nimezipunguza.)



Niseme ukweli tangu mwanzo. Katibu aliponipigia simu akaniambia mada yangu ni "wajibu wa raia kwa mujibu wa Katiba", nilikataa. Nikamwambia, kaka, mimi nipe haki za raia. Wajibu wape wale wa upande wa pili, wao ndio wanaoupenda. Akacheka, akasema, "Ndiyo maana nimekupa wewe." Akakata simu.

Nilikataa kwa sababu neno wajibu nimelisikia maisha yangu yote kutoka kwa mtu anayetaka nikae chini. Shuleni ukiuliza michango ya mitihani imekwenda wapi, unaambiwa wajibu wa mwanafunzi ni kusoma. Barabarani kuna kaulimbiu ya Jeshi la Polisi, utii wa sheria bila shuruti, na sote tunajua inavyosikika ukiwa umevaa fulana ya chama na umesimamishwa saa nne usiku. Kwa hiyo kwa wengi wetu wajibu maana yake ni nyamaza. Haki ndiyo yetu, wajibu ni wa kwao.

Sasa naomba tufanye zoezi dogo. Anayejua Ibara ya 18 ya Katiba inahusu nini anyooshe mkono. Naona karibu ukumbi wote. Uhuru wa maoni, safi. Ibara ya 20? Uhuru wa kukusanyika na kujiunga na vyama, wengi. Ibara ya 21? Kushiriki shughuli za umma, vizuri. Haya, Ibara ya 27?

Mikono mitatu. Na mmoja ni wa mwenyekiti, ambaye jana nilimwonyesha karatasi yangu.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Zile zote ziko sehemu moja ya Katiba, Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza, na jina la sehemu hiyo ni "Haki na Wajibu Muhimu". Ziliingizwa pamoja kwenye Katiba ya 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Sisi tumekata jina katikati tukachukua kipande kimoja. Wenzetu nao wamechukua kile kingine. Leo nataka turudishe vipande viwili pamoja, kwa sababu nilipousoma upande wa wajibu kwa makini, nilikuta umeandikwa kwa faida yetu kuliko tunavyodhani.

Wajibu uko kwenye ibara nne, ya 25 mpaka ya 28. Sitazisoma kwa mpangilio wa namba. Naanza na ile tunayopigwa nayo.

Ibara ya 26 ina ibara ndogo mbili. Ya kwanza inasema kila mtu ana wajibu wa kufuata na kutii Katiba na sheria za nchi. Hii mmeisikia. Kila mkuu wa wilaya anaijua kwa moyo. Lakini angalieni neno la kwanza: kila mtu. Haijasema kila mwananchi wa kawaida. Haijasema kila mpinzani. Mkuu wa wilaya ni mtu. Askari ni mtu. Mkurugenzi wa halmashauri ni mtu, hata siku ya kupokea fomu za wagombea. Na kitu cha kwanza kinachotakiwa kutiiwa ni Katiba, sheria nyingine zinafuata nyuma yake. Kwa hiyo mtu akikusomea Ibara ya 26(1), usikasirike. Mwambie, asante, na wewe pia.

Halafu geuza macho usome ibara ndogo ya pili, ile ambayo wakubwa huwa hawafiki. Inasema kila mtu ana haki, kwa kufuata utaratibu wa sheria, kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Yaani aliyeandika ibara hii alikuwekea kutii na kulinda kwenye ukurasa mmoja. Kutii peke yake hakujakamilika. Mlinzi wa getini anayefungua kwa kila anayepiga honi ametii honi, hajalinda nyumba.

Msidhani hii ni nadharia ya darasani. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma kupinga mambo kadhaa, likiwemo sharti la kuomba kibali ili kufanya mkutano wa hadhara, na marufuku ya mgombea binafsi. Serikali ikaweka pingamizi: huyu bwana ana maslahi gani binafsi hapa? Kama hajaumizwa yeye kama yeye, anaingiaje mahakamani? Jaji Lugakingira, katika uamuzi wa mwaka 1994, alijibu kwa kutumia Ibara ya 26(2). Alisema Katiba imempa kila mtu nafasi ya kuitetea, hata kama jambo halijamgusa yeye peke yake. Na sharti la kibali likaanguka. Ndiyo maana mpaka leo chama kinapotaka kufanya mkutano kinatoa taarifa polisi, hakiombi ruhusa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana miaka thelathini, na kila akisimama kwenye uwanja wa mkutano anasimama juu ya ile ibara ndogo ya pili.

Kuhusu mgombea binafsi, mnajua hadithi ndefu. Katiba ilibadilishwa ili kuziba mlango, kesi zikaendelea, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikampa ushindi Mtikila na waliokuwa naye. Mpaka leo bado hakuna mgombea binafsi. Ndiyo maana nasema wajibu huu hauna mshahara. Unaweza kushinda na usipewe.

Na mlango wenyewe umebanwa. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria inayosimamia kesi za haki za msingi na wajibu, ikataka anayefungua kesi aapishe kiapo kueleza alivyoathirika yeye binafsi. Sasa jiulizeni: Katiba inasema kila mtu, sheria inasema aliyeumia tu. Kipi kikubwa? Wapo waliokwenda mahakamani kuuliza swali hilo, na mimi kama mwanafunzi wa sheria nafuatilia kwa roho juu. Lakini mnaona sasa? Kama wajibu wa kulinda Katiba ungekuwa kitu cha mapambo, nani angehangaika kuubana?

Twende Ibara ya 27, yenye mikono mitatu. Inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali asilia za nchi, mali ya mamlaka ya nchi na mali yote inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na kuheshimu mali ya mtu mwingine. Kisha inatutaka tupige vita uharibifu na ubadhirifu wa kila aina, na tuuendeshe uchumi wa taifa kwa makini, kama watu ambao ndio waamuzi wa hali ya baadaye ya taifa lao.

Jamani, rudieni maneno hayo mkiwa peke yenu nyumbani. Waamuzi. Katiba hii hii tunayosema imezeeka, na kweli imezeeka, inamwita mama muuza vitumbua mwamuzi. Inamwita dereva wa bodaboda mwamuzi. Na inaweka ubadhirifu kuwa kitu ambacho siyo tu una ruhusa ya kukisema. Una wajibu wa kukipiga vita. Kwa hiyo mtu akiuliza hesabu, hafanyi uchochezi. Anatimiza Ibara ya 27.

Hapa niwaambie kisa changu, na nitakisema chote, pamoja na sehemu inayonitia aibu.

Mtaani kwetu tunachanga shilingi 2,000 kwa kaya kila mwezi kwa ajili ya ulinzi shirikishi. Likizo ya mwaka jana nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Kaya zilizoandikishwa ni 310. Zote zikilipa ni shilingi 620,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 7,440,000. Walinzi ni wanne, kila mmoja analipwa 80,000, jumla 320,000. Nikajiuliza zinazobaki zinafanya nini. Nikaenda kwenye mkutano wa mtaa.

Tulikuwa watu 37. Vijana wa chini ya miaka thelathini tulikuwa wanne. Grupu letu la chama la kata lina watu zaidi ya 200, na usiku wa jana yake tulibishana humo mpaka saa saba kuhusu ripoti ya CAG. Nikanyoosha mkono nikauliza mapato na matumizi. Mwenyekiti akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Binti, wewe si unasoma chuo? Malizia kwanza masomo, haya mambo yapo tu." Watu wakacheka. Mkutano ukafungwa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshaambiwa. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, barua ya utambulisho ya kuombea mkopo wako ilitoka ofisi gani?" Nikanyamaza. "Na mdogo wako akikamatwa kesho na pikipiki, barua ya mdhamini tutaitafuta wapi?"

Hilo ndilo swali zito kuliko yote niliyoulizwa maishani, na sijalisikia darasani. Ofisi ya mtaa ndiyo inayosema wewe ni nani. Barua ya kitambulisho cha taifa, ya dhamana, ya mkopo, hata ya kuthibitisha msiba. Ndiyo maana watu wazima wananyamaza. Siyo wajinga, siyo waoga. Wamepiga hesabu. Kwa hiyo tunapowaambia wazee wetu "amkeni", tuwe tunajua tunawaomba waweke nini mezani.

Nilifanya hivi. Sikuposti. Niliandika barua ya nusu ukurasa, nakala mbili, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ulichukua siku mbili. Mkutano uliofuata niliuliza tena, nikiwa na nakala mkononi. Wa tatu, nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa kalamu, mapato na matumizi ya miezi mitatu. Makusanyo yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani. Walinzi walilipwa. Kulikuwa na tochi, betri, na "chai ya wageni". Hesabu ilipungua shilingi 45,000. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja anayeuza vitumbua pale kona akauliza kwa sauti, "Chai ya wageni gani hao? Mbona hawakunywea kwangu?" Watu wakacheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Tangu siku ile yeye ndiye anayeuliza. Mimi nilirudi chuo.

Sasa sehemu ya aibu. Chini ya ile karatasi kulikuwa na orodha ya kaya zinazodaiwa. Kaya ya saba ilikuwa ya kwetu. Miezi minne. Mimi niliyekuja na daftari na Katiba, kwetu tulikuwa tunamwambia mtoza mchango aje kesho. Nililipa 8,000 palepale mbele ya watu, nikaomba risiti, na masikio yalikuwa ya moto.

Nawaambia hili kwa sababu ndilo somo lote. Uwezo wangu wa kuuliza haukutoka kwenye kulipa. Hata nisingelipa, ile ni mali ya pamoja na nilikuwa na haki ya kujua. Lakini nilijifunza kwamba anayedai hesabu naye ana mstari wake kwenye karatasi. Ibara ya 27 haina upande.

Na kama haina upande, basi tujikague. Nani alibandika mabango yetu juu ya alama ya barabarani karibu na kivuko cha wanafunzi? Nani aliandika jina la chama kwa rangi kwenye ukuta wa zahanati? Tunapinga ubadhirifu wa mabilioni, halafu tunanunua kitu dukani bila risiti kwa sababu muuzaji ametupunguzia buku mbili. Kodi hiyo ilikuwa ya dawati. Na msiniambie hamlipi kodi kwa kuwa hamna ajira. Kila bando unalonunua lina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ndani yake. Wewe ni mlipa kodi tangu siku uliyopata simu. Mnakumbuka tozo za miamala mwaka 2021? Zilipunguzwa baada ya watu kupiga kelele, na waliopiga kelele hawakuwa wenye makampuni, walikuwa watu wa kutumiana elfu kumi kumi. Walikuwa waamuzi.

Nigusie kidogo Ibara ya 25, maana najua mnaisubiri mniulize. Inasema kila mtu ana wajibu wa kujituma kwa uaminifu katika kazi halali na ya uzalishaji. Kijana wa mtaani anacheka: kazi ipi? Ana haki ya kucheka. Lakini isomeni pamoja na Ibara ya 22, inayosema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Huwezi kunidai wajibu huku umeniziba njia ya kuutimiza. Mmachinga aliyeamka saa kumi alfajiri na kupanga viatu kwenye turubai anatekeleza Ibara ya 25. Anayekuja kumwaga vile viatu bila kumwonyesha pa kwenda ndiye aelezwe Katiba inasemaje.

Ya mwisho ni Ibara ya 28. Kila raia ana wajibu wa kulinda, kuhifadhi na kudumisha uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Hii wanatusomea wanapotaka kutuita wasaliti. Mimi naichukulia kwa uzito, na naomba nanyi muichukulie hivyo, hasa neno umoja. Mwaka jana kwenye mjadala wa bandari tulikuwa na maswali halali kabisa kuhusu mkataba. Wapo wananchi waliokwenda Mahakama Kuu Mbeya. Walishindwa Agosti 2023, lakini walitumia njia ambayo Katiba imeitaja. Wakati huohuo wapo wenzetu, naomba tusidanganyane, waliogeuza mjadala wa mkataba ukawa mjadala wa dini ya mtu na Uzanzibari wa mtu. Siku ile tulimpa mpinzani wetu zawadi, na tulivunja Ibara ya 28 kwa vidole vyetu wenyewe. Tuhoji mikataba kifungu kwa kifungu. Kumhoji mtu alikozaliwa siyo siasa.

Najua kuna swali limekaa kooni kwa wengi humu ndani, na nisipolijibu nitakuwa nimewakosea heshima.

Mtasema, dada, unatuhubiria wajibu mwezi gani huu? Septemba 6 Mzee Ali Kibao aliteremshwa kwenye basi mbele ya abiria, na kesho yake akapatikana amekufa. Maandamano ya Septemba 23 yakapigwa marufuku na viongozi wakakamatwa. Wewe unatuambia habari za risiti na alama za barabarani?

Sina jibu la kuwatuliza. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Dola ikishindwa hapo, imeshindwa wajibu wa kwanza kuliko wote, na hakuna wajibu wangu mimi unaofuta deni hilo. Tutaendelea kuuliza nani alifanya hivyo mpaka tujibiwe. Sitawaambia vilevile kwamba mkiwa raia wema mtakuwa salama. Nisingeweza kusema hivyo mbele ya wajane.

Lakini nimewaza hivi usiku mwingi. Anayetaka tuogope anataka kitu kimoja: tuache. Tuache kuhudhuria, tuache kuuliza, tuache kujiandikisha, kila mtu abaki na simu yake na hasira yake. Hasira ya kwenye simu haimsumbui mtu. Karatasi iliyogongwa muhuri inamsumbua. Mkutano wa watu 300 badala ya 37 unamsumbua. Ni vigumu kumchukua mtu anayejulikana na kila nyumba kwa sababu kila mwezi anasimama kuuliza hesabu ya kila nyumba. Sisemi haiwezekani. Nasema mtaa mzima utatoka nje.

Na wapo wanaosema tusubiri Katiba Mpya. Naitaka kuliko mnavyodhani. Tume ya Jaji Warioba ilikusanya maoni, rasimu ikaandikwa, Bunge Maalum likakaa mwaka 2014, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na hatujaiona tena. Tutaidai. Ila nauliza: watu ambao hawajawahi kusoma Ibara ya 27 ya Katiba iliyopo, watailinda vipi mpya? Katiba bora ikiletwa kwa watu wasiohudhuria mkutano wa mtaa itakuwa kitabu kizuri.

Nimalizie na jambo la wiki ijayo.

Ijumaa, Oktoba 11, uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa unaanza. Unaisha Jumapili, Oktoba 20. Siku kumi. Uchaguzi ni Novemba 27. Sasa nisikilizeni vizuri, maana wengi tunachanganya. Kadi ya mpiga kura uliyo nayo, ya Daftari la Kudumu la Tume, siyo ya uchaguzi huu. Huu una orodha yake, mtaa kwa mtaa, kijiji kwa kijiji. Usipoandikwa kwenye orodha ya unapoishi, Novemba utakuwa mtazamaji. Unatakiwa uwe raia, uwe umetimiza miaka 18 na uwe mkazi wa eneo hilo. Mwanafunzi anayeishi hosteli ajiandikishe mtaa wa hosteli, asisubiri kwenda kwao.

Kupiga kura ni haki, haikuandikwa kwenye zile ibara nne za wajibu, na hakuna atakayekupeleka mahakamani kwa kulala. Mimi nililala. Mwaka 2020 nilikuwa nimetimiza miaka 18. Wakati wa kuandikisha nilisema nitaenda kesho, kisha nikasema tu kura zenyewe haziheshimiwi. Siku ya matokeo nililia kama niliyeibiwa. Kaka yangu akaniuliza, "Umeibiwa nini, wewe?" Sikuwa na jibu.

Najua yaliyotokea 2019. Wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa wingi, vyama vikajitoa, chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Inawezekana mwaka huu wakajaribu tena. Basi tusiwape sababu ya bure. Anayegombea aandike jina lake vilevile kila mahali, ajaze fomu kwa mwandiko unaosomeka, amtafute mtu wa pili wa kuikagua, atunze nakala ya kila anachokabidhi, na akiwekewa pingamizi akate rufaa kwa maandishi ndani ya muda. Wanafunzi wa sheria tuliomo humu tumejipanga kusaidia kusoma fomu. Tutafuteni leo kabla hamjaondoka, tupo meza ya karibu na mlango.

Kazi ninayowaomba ni ndogo. Kila mmoja wenu, kati ya Oktoba 11 na 20, ajiandikishe yeye na awapeleke watu watatu. Mmoja awe mtu wa nyumbani kwake. Mmoja awe rafiki asiye wa chama chetu, ndiyo, hata akiwa wa chama kingine, kwa sababu mtaa ni wa wote. Na mmoja awe yule anayewaambia "kura haina maana". Msibishane naye, mpelekeni tu. Halafu baada ya Novemba 27, ashinde nani, mwenyekiti wenu awe wa chama gani, hata akiwa wa chama chetu, hasa akiwa wa chama chetu, nendeni kwenye mkutano wa kwanza mkaulize mapato na matumizi.

Mama yangu atajiandikisha Ijumaa asubuhi. Ameniambia jana kwa simu. Nilimuuliza, na ile hofu ya barua? Akasema, "Barua tutaiomba. Ofisi yenyewe si tunaichagua sisi?"